Salem wa Nne na Salem wa Tano

Bi Umkulthum alipojiandikisha darasa la kompyuta pale Jadida, mashoga zake wa ushonaji walimcheka. Miaka arubaini na saba, miwani imening'inia shingoni, anakwenda kukaa benchi moja na watoto wa skuli. Akawajibu kwamba hata cherehani aliianza kwa kujidunga kidole.

Wiki ya tatu wakafika kwenye hifadhidata. Mwalimu Jabir, kijana wa umri wa binti yake mkubwa, aliwaambia kila mtu atengeneze jedwali la watu wa nyumbani kwake: jina na mwaka wa kuzaliwa, basi. Kisha achague ufunguo, yaani kile ambacho kompyuta itamtambulia kila mtu. Bi Umkulthum akachagua jina. Kwani mtu hutambulikana kwa nini kingine?

Akamuandika mumewe, Thuwein. Akaandika Rawya, akaandika Seif, akaandika Salem Thuwein, 2007. Alipoandika Salem Thuwein, 2010, kompyuta ikagoma.

"Umemrudia huyu, bi," alisema Asya, msichana wa kidato cha tatu aliyekaa ubavuni pake. "Mfute mmoja. Au watoto wamekuzidi hesabu?"

Bi Umkulthum hakucheka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia, hakishuki.

"Kunani, Bi Umkulthum?" Mwalimu akainama.

"Hawa ni wawili, mwanangu. Wa kwanza alikaa miezi minane, homa ikamchukua. Baba yao hakutaka jina la mzee wake lipotee, wa pili tukampa lilo hilo. Sasa nikimfuta yule, itakuwa kama sikumzaa."

Asya akainamisha uso. "Niwie radhi, bi."

Mwalimu akavuta kiti. "Hafutwi mtu. Jina ndilo halifai kuwa ufunguo. Tumpe kila mmoja nambari yake, na nambari ya mtu hapewi mwengine."

"Hata akifa?"

"Hata akifa."

Salem wa kwanza akapata nne, wa pili akapata tano. Kompyuta ikawapokea wote wawili.

Alasiri ile alimkuta mwanawe barazani anakuna nazi.

"Habari yako, nambari tano."

"Tano ndo nani, mama?"

"Wewe. Nne ni kakako."

Salem akaiweka mbuzi kando. Kaburi alikuwa akilijua, lakini hakuwahi kuuliza.

"Alikuwaje?"

Bi Umkulthum akavua viatu, akakaa karibu yake.

"Alikuwa akicheka akisikia cherehani," alisema.