Wifi Yangu na Kiti cha Miaka Miwili

Wifi yangu Foelke ndiye aliyeitunga ile kanuni, na aliitungia jikoni kwake, mbele yangu, kwa kalamu yangu ya posta. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wa Hannover, makao makuu ya jimbo letu, walianza kudai kwamba kanuni ilitoka kwa chama. Chama gani? Siku ile chama cha Kijani katika tarafa yetu kilikuwa watu watano, paka mmoja na birika la chai.

Kanuni yenyewe ilikuwa hivi: Mkijani akishaingia bunge la jimbo, akae miaka miwili tu, kisha ajiuzulu, na anayemfuata kwenye orodha ya wagombea aingie kumalizia miwili iliyobaki. Asizoee. Hilo ndilo lilikuwa neno lake.

"Mtu akizoea kiti," alisema huku akigonga meza, "anaanza kudhani makalio yake ndiyo yanayokishikilia kisianguke."

Tulicheka mpaka Habbo akatoka zizini kuja kuuliza kuna nini. Tukapiga kura, tano kwa sifuri. Mkutano wa jimbo nao ukaipitisha, na Foelke akarudi nyumbani akiimba.

Huyu Habbo ni kaka yangu. Alimwoa Foelke mwaka sitini na moja, na mama yetu akasema bibi harusi ana maneno mengi. Mama hakukosea. Foelke alikuwa akipima maziwa kwenye kiwanda cha maziwa, kazi ya kutazama vichupa siku nzima, na nadhani huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu anayesema "ni safi" bila kupima. Mwaka ule mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ilipoanza kuelea tumbo juu katika mitaro yetu, wengine tulishika pua tukapita. Yeye aliijaza kwenye ndoo ya maziwa, akapanda baiskeli kilomita kumi na mbili hadi ofisi ya wilaya, akaiweka ndoo juu ya meza ya bwana afisa na kumwomba anuse. Akaambiwa aandike barua. Barua aliiandika, mimi ndiye niliyeipeleka, na mikunga aliiacha pale pale mezani. Ilikuwa mwezi wa saba, na kwetu huo ndio mwezi wa joto.

Watu wa aina hiyo hawafi bila kuwa wabunge. Mwaka themanini na mbili Wakijani walipata viti vichache katika bunge la jimbo, na kimoja kikawa chake. Siku ya kwanza aliingia na viatu vyake vya mbao vya zizini, akakaa, akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma soksi.

"Mama," Spika akamwambia, "hapa si sebuleni."

"Sebuleni kwangu watu husikilizana, Mheshimiwa Spika."

Kwa miaka miwili Habbo alipata soksi jozi ishirini na sita. Kura ambayo Foelke alishinda sijaisikia, kwa sababu Wakijani walikuwa wachache na wenzao walikuwa wengi. Lakini alikuwa akijua mambo. Serikali ilipoleta mpango wa kuiziba ghuba yetu kwa tuta jipya na kuchimba bandari kwenye matope wanakolala bata bukini, yeye aliwauliza mawaziri kina cha maji, umri wa matope na jina la kila mdudu, hadi waziri mmoja akaanza kutokea mlango wa nyuma akimwona. Tulijivunia sana. Mimi nilikata picha zake gazetini na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati langu la posta, ingawa usoni nilikuwa namtania.

Sasa, shida ilikuja kwa kalenda. Miaka miwili yake ilikuwa inaisha mwezi wa sita mwaka themanini na nne. Kura ya ghuba ilipangwa baada ya likizo. Na wa kuchukua kiti chake kwenye orodha nilikuwa mimi.

Msicheke. Niliwekwa kwa ajili ya kujazia. Orodha yao ilikuwa na ndevu nyingi mno na wanawake wachache, Foelke akanifuata nikiwa napanga barua, akasema, "Wifi, nipe jina lako, ni la kujazia tu." Nikampa, maana jina halinipunguzii kitu. Mbele yangu walikuwepo watu. Mmoja akahamia Ureno kufuga mbuzi. Mmoja akajifungua mapacha. Mmoja alirudisha kadi kwa hasira baada ya mkutano kumkatalia kuvuta kiko. Ndivyo mpeleka barua wa miaka arobaini na saba, mwenye goti bovu, alivyojikuta mlangoni pa bunge.

Mwezi wa nne Foelke akaniita kwa chai. Kikombe cha kwanza alinimiminia tu. Cha pili akaniuliza:

"Wifi, we unataka kwenda Hannover?"

"Mimi? Bora nikang'olewe jino."

"Haya basi. Mimi sitaki kutoka, wewe hutaki kuingia. Tunagombana na nani?"

"Na kanuni yako."

"Kanuni ina upenyo. Asilimia themanini ya wanachama wakikubali, mtu anaweza kubaki."

"Upenyo huo nani kauweka?"

"Mkutano wa jimbo, si mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa dharura, Tomma! Ghuba inazibwa, unataka dharura gani nyingine? Moto?"

Nikamtazama akichezea mfuniko wa sukari. Alikuwa na aibu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona nayo. Nilimhurumia. Zaidi nilijihurumia mwenyewe. Baada ya kikombe cha tatu nikalaza kijiko ndani ya kikombe ili asiniongezee, nikamwambia kadi yangu ataiona juu siku ya mkutano.

Mkutano ulikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa mkahawa wa Onken. Tulikuwa wanachama sitini na mmoja bila kumhesabu Foelke, kwa sababu mwenye kujadiliwa hakuwa na kura. Nusu ya watu walikuwa wakifuma, watoto wakitambaa chini ya meza, na Hilke, mwenyekiti wa kikao, akituomba kila baada ya dakika tano tusizungumze wote kwa pamoja.

Kutoka bunge la taifa kule Bonn alikuja mbunge wetu Ekkehard mwenyewe, na sweta lake lenye kiraka cha kiwiko. Kiraka kile kilikuwa kipya kuliko sweta, na nasikia lilikuwa halijawahi kutoboka. Alizungumza dakika arobaini. Alisema uzoefu ni mali ya umma. Alisema kumtoa mtu aliyekwisha kujifunza ni kupoteza nishati, na sisi ni chama cha kuokoa nishati.

"Na wewe, Ekkehard," akapaza sauti Wübbo, mchunga kondoo, kutoka nyuma, "zamu yako ya kutoka ni lini?"

"Hilo halihusiani na suala lililo mezani."

"Mwezi wa tatu mwakani, sivyo?"

"Nimesema halihusiani!"

Ukumbi ulicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Ekkehard akaketi, akapangusa miwani.

Kisha akasimama Foelke. Alianza vizuri, tena vizuri sana. Alieleza ghuba nzima bila karatasi, na watu wakaacha kufuma. Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa amekaa na waheshimiwa miaka miwili, na waheshimiwa hawajui kuishia hapo.

"Ndugu zangu," alisema, "tuseme kweli. Bunge si mahali pa kila mtu. Sisi tulio ndani tunalijua. Ukimpeleka pale mtu wa kawaida, mpeleka barua kwa mfano, watamtafuna kabla ya chai ya saa nne."

Watu wakacheka kidogo. Wengine wakanigeukia, wakaacha kucheka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisema hivyo kwenye kila mlango niliopeleka barua: siwezi, sijui, watanitafuna. Nilijidharau mwezi mzima bila kuumia popote. Kudharauliwa na wifi yangu mbele ya watu sitini ni habari nyingine. Masikio yaliniwaka. Miaka ishirini na mitatu nimemsomea mwanamke huyu barua zake kwa sauti mikono yake ikiwa kwenye unga, nimepeleka malalamiko yake yote katika mvua na theluji, na kila mtaro anaoutaja bungeni ni mimi niupitao kwa baiskeli asubuhi. Mtu wa kawaida! Na yeye alikuwa nani aliponusisha watu mikunga?

"Wanaokubali abaki, kadi juu," akasema Hilke.

Kadi zikainuka. Yangu ilikuwa mapajani. Niliishika kwa mikono miwili isije ikapanda yenyewe.

Hilke alihesabu. Akahesabu tena. Zilitakiwa kadi arobaini na tisa. Zikaonekana arobaini na nane. Waliokataa walikuwa kumi na watatu, na kumi na wawili kati yao tulikuwa tukiwajua, ni wale wanaopinga kila kitu, hata kufungua dirisha. Ukumbi mzima ukamtafuta wa kumi na tatu.

"Tomma!" Hilke akashtuka. "Unajua unachofanya? Unajipeleka mwenyewe!"

"Najua. Kabla ya chai ya saa nne."

Foelke alichukua kapu lake akatoka, na Ekkehard akamfuata mlangoni akimnong'oneza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Kisheria hakuna anayeweza kukutoa. Usiposaini, ni kiti chako."

Na ilikuwa kweli. Sheria ya nchi haikuijua kanuni yetu ya jikoni. Kama Foelke asingeandika kwa mkono wake kwamba anajiuzulu, angekaa hadi mwaka themanini na sita, na hakuna ambaye angemfanya kitu, zaidi ya kutomsalimia.

Siku tisa zikapita. Siku ya sita Habbo alinisimamisha njiani, kofia mkononi.

"Dada, nenda kamwombe radhi. Nyumbani hapakaliki. Anafuma tu. Juzi kamfumia mbwa."

"Radhi ya nini?"

"Sijui mimi. Ya kuinua mkono."

"Sikuinua."

"Basi ya kutoinua. Nenda tu, utajua hukohuko."

Sikwenda. Nami nina kiburi, hilo sijawahi kulificha. Lakini usingizi ulikuwa wa shida, maana nilikuwa nimefanya mambo mawili kwa mpigo: nimemwumiza mtu ninayempenda, na nimejitupa mahali ninapopaogopa.

Siku ya kumi nilifika kwao na magazeti. Foelke alikuwa amesimama kwenye geti na bahasha. Anwani niliisoma juu chini, kwa mazoea ya kazi: Kwa Spika wa Bunge la Jimbo, Hannover.

"Imebandikwa stempu?" nikauliza.

"Huoni?"

"Na nikiipoteza njiani?"

"Utafukuzwa kazi. Na utastahili."

Hakuiachia. Tukabaki tumeishika wote wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, mbwa akitutazama akiwa na kitu cha sufu shingoni.

"Nilikipenda kile kiti, Tomma," akasema. Machozi yalimlengalenga. "Nilikipenda vibaya. Mtu anakufungulia mlango, anakuita kwa cheo, waziri anakukimbia. Nani amewahi kunikimbia mimi? Ng'ombe wa Habbo wenyewe hawanikimbii. Na siku ile kwa Onken nilijisikia nikisema yale maneno, nikawa siwezi kunyamaza."

"Yaliniuma, wifi."

"Najua. Niliona kadi yako kabla Hilke hajahesabu."

Akaiachia bahasha. Nikaiweka kwenye mfuko wa ngozi pamoja na barua za watu wengine, nikapanda baiskeli.

Desturi ya chama ni kwamba anayetoka anabaki kuwa msaidizi wa anayeingia. Kwa hiyo tulikwenda Hannover pamoja kwa treni ya asubuhi, yeye amebeba faili za ghuba, mimi nimebeba mkate na hofu. Njia nzima alinifundisha: nani hasemi kweli, nani husema kweli akiwa na njaa tu, ninywe maji kabla ya sentensi gani. Nilimwambia anyamaze. Akanikatia kipande cha mkate, akaendelea.

Mlangoni pa bunge palikuwa na bawabu mzee mwenye vifungo vya fedha. Alipomwona Foelke uso ulimkunjuka, akaufungua mlango wote.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa! Karibu, karibu."

Foelke alisimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Niliona mgongo wake ukinyooka kama ulivyozoea, na niliona pia alivyougeuza huo mguu akaurudisha nje.

"Mheshimiwa ni huyu," akamwambia bawabu, akanisukuma mbele kwa faili. "Mimi napitia wapi?"

Bawabu alitutazama kwa zamu, akaona haya kwa niaba yetu sote. Akaonyesha upande wa pili, kwenye ngazi za wananchi wanaokuja kusikiliza. Foelke akanipa faili zote, akanirekebisha kola, akazipanda zile ngazi polepole bila kugeuka nyuma, na nikabaki pale mlangoni, mlango uko wazi, unanisubiri mimi.