Maswali Matano ya Radi

Jina la Kocha Polepole hakujipa mwenyewe. Alipewa na wachezaji wake, mabinti wa chuo cha ufundi, kwa sababu mwaka alipokabidhiwa timu aliwanyima kupiga goli kwa wiki tano. Wiki tano nzima, pasi tu! Wawili wawili, mguu wa ndani, na yeye kasimama katikati ya uwanja na filimbi shingoni, "Polepole mama, mpira hauna miguu, hautakimbia." Kazi yake ya mshahara ni kufundisha umeme wa majumbani. Mpira aliupatia kwenye kikao cha walimu, pale mkuu wa chuo alipokuwa akitafuta wa kumtwika na yeye akachelewa kuinamisha kichwa. Lakini mama huyu akishatwikwa kitu habebi nusunusu. Alikwenda kozi ya ukocha likizo mbili mfululizo, akarudi na daftari limejaa mishale.

Na timu, tuseme ukweli, ikapendeza. Ya kutazama, yaani. Kushinda ni habari nyingine. Miaka mitatu walitolewa robo fainali ya kombe la vyuo, na mwaka huu, walipofika nusu fainali kwa mara ya kwanza, mkuu wa chuo akapandwa na wazimu wa kombe. Alikuwa ameshamwahidi mwenyekiti wa bodi kwamba kombe linakuja. Watu wengine kunyamaza hawakujaliwa.

Alimwita Kocha ofisini, akasukuma kitambulisho juu ya meza. Kilikuwa na picha ya binti mwenye shingo ndefu.

"Huyu anaitwa Radi," akasema.

"Namjua. Nani asiyemjua? Si anachezea timu ya ligi huyu?"

"Kuanzia leo ni mwanafunzi wako. Umeme, mwaka wa pili."

Kocha akakigeuza kitambulisho. Picha safi, muhuri halali, uongo mtupu.

"Mkuu, huyu ni mamluki."

"Ni mshambuliaji," mkuu akamkata. "Siku ya mechi kuna ukaguzi, na yule mkaguzi anapenda kuwauliza masomo yao. Mfundishe mawili matatu ya kujibu. Ukikataa, mwalimu, timu nampa mwingine, na wewe nitakuombea uhamisho, ukajaribu polepole yako huko mbali."

Hapo mama wa watu akawa amekalia kuti kavu. Nyumbani ana mume, ana watoto wawili wa shule, ana mama mkwe ambaye magoti yake yanagoma hata kufika sokoni. Uhamisho gani huo? Hakutamka ndiyo, lakini alikichukua kile kitambulisho akakitia mkobani, na sijui ndiyo nyingine inakuwaje.

Kwa siku nne, saa ya chakula cha mchana, alifungiana na Radi kwenye karakana. Maswali yalikuwa matano: rangi za waya, kazi ya fyuzi, kazi ya waya wa ardhini, namna ya kufunga swichi, na kitu cha kwanza kufanya kabla hujagusa chochote. Angeweza kumkaririsha tu kama kasuku. Shida ni kwamba mwanamke huyu hajui kufundisha vibaya hata akitaka. Akatoa ubao wa mazoezi, akampa bisibisi, akamwacha akosee, afungue, afunge tena. Siku ya nne Radi aliwasha taa mwenyewe akacheka kwa furaha. Kocha naye akacheka, kisha akaona aibu.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa kwa Sindano, binti wa ushonaji, namba tisa wake wa siku zote. Alipoambiwa kwamba nusu fainali ataanzia benchi, alisema tu, "Sawa, kocha," akaenda kukusanya mipira. Hakuuliza sababu. Angeuliza ingekuwa nafuu.

Chakula kikawa hakipiti. Mama mkwe, ambaye macho yake hayana tatizo lolote, alimvumilia mpaka siku ya tano.

"Mwanangu, wiki nzima unasukuma sahani. Niambie ukweli, ni mimba?"

"Mama! Nina miaka arobaini na sita!"

"Umri nimekuuliza mimi?"

Siku ya mechi ikafika. Mkaguzi, mzee mmoja mwembamba mwenye miwani ya kufunga kwa uzi, aliweka meza yake kwenye baraza ya darasa karibu na uwanja. Mabinti wakapita mmoja mmoja na vitambulisho vyao. Mkuu wa chuo alisimama hatua chache nyuma na mwenyekiti wa bodi, amevaa suti na tabasamu. Zamu ya Radi ilipofika, Kocha akasogea karibu na meza.

"Umeme? Haya, ukiingia nyumba ya mtu kutengeneza soketi, unaanza na nini?"

"Nazima swichi kuu," Radi akajibu. "Halafu napima kwa testa kwanza, maana kuzima na kuhakikisha ni vitu viwili."

Mkaguzi akavua miwani. Akauliza la pili, la tatu, mpaka la tano. Radi akajibu yote, na la fyuzi akalieleza kwa mikono, kama alivyofundishwa. Mzee wa watu akageuka kwa Kocha, uso umemkunjuka.

"Nimekagua vyuo sita msimu huu, hakuna aliyenijibu hivi. Binti huyu umemfundisha vizuri sana, mwalimu. Hongera. Weka sahihi hapa, kuthibitisha kwamba ni wako."

Miaka kumi na tisa ya chaki! Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia maneno hayo, si mkuu huyu wala waliomtangulia. Na yalipokuja, yakaja kwa ajili ya uongo. Kalamu ilikuwa mkononi. Sifa ile ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, kuliko vile vitisho vyote vya uhamisho.

"Si mwanafunzi wangu," akasema.

"Unasemaje?"

"Huyu hasomi kwetu. Mfute. Namba tisa ni yule kule anayefunga kamba za viatu."

Mkuu akashikwa na kikohozi cha ghafla. Wa kwanza kupumua alikuwa Radi mwenyewe.

"Afadhali, kocha," akanong'ona. "Angeongeza swali la sita ningezimia hapa."

Kocha akarudi benchi miguu mepesi, na njaa ya wiki nzima ikamshukia kwa pamoja. Alikula mkate na mayai mawili ya kuchemsha yaliyokuwa ya golikipa wa akiba, bila kuomba ruhusa. Walifungwa moja bila. Sindano alikosa goli ambalo mama mkwe angelifunga, na magoti yake yale. Kocha alipiga makofi mpaka filimbi ya mwisho.

Jumatatu mkuu akamwita. Mezani palikuwa na barua ya onyo kwa chuo kutoka kwa waandaaji wa kombe. Si ya kufungiwa, kwa kuwa hakuna sahihi iliyokuwa imewekwa.

"Mwenyekiti aliniuliza kama nilijua," mkuu akasema bila kuinua macho.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilijua. Alinisema, mwalimu, alinisema! Lakini nikalala usingizi, wa kwanza tangu tumlete yule binti." Akapangusa uso. "Ule uhamisho usahau. Ila niambie, hili kombe mwakani tutalipata?"

"Hapana."

"Na mwaka unaofuata?"

Kocha akawapitia kichwani mmoja mmoja: nani anahitimu, nani anabaki, mguu wa kushoto wa nani bado mkaidi.

"Labda," akasema.

Mkuu akaitikia kwa kichwa taratibu, akashusha pumzi ndefu.

"Haya. Mwenyekiti nitamwambia hivyo hivyo. Labda."

Kocha akaondoka mbio; darasa lilikuwa limeshamsubiri dakika kumi.