Kompyuta Haikuijua Poshomili ya Wepukhulu

Ati kompyuta haidanganyi! Aliyesema hivyo hajawahi kukaa Kimilili, ukuta mmoja na poshomili ya Wepukhulu, mashine yake ya kusaga mahindi.

Mwaka wa 2006 Jentrix alikuwa akisomea umeme katika chuo kimoja mjini Kitale, na mradi wake wa mwisho ulikuwa mashine ya kuangulia mayai. Kabla ya kugusa waya, aliichora saketi yote kwenye kompyuta, akaitazama ikifanya kazi kwenye kioo: joto likizidi, swichi inazima balbu za kupasha mayai, likipungua, inaziwasha. Akairudia, ikakubali. Mwalimu wake, Bwana Kagwe, akachungulia begani kwake akasema, "Safi. Sasa iunde."

Alipokuwa akimalizia kuiunda, ugonjwa wa kideri ukafagia kuku wote wa mamake kule Kimilili, uzao wa kuku alioachiwa na nyanya. Kilichobaki ni kikapu cha mayai yasiyo na wa kuyalalia. Mama alitaka kufanya kama watu wanavyofanya: ampelekee jirani yake Nasambu, kuku wa Nasambu ayalalie, kisha wagawane vifaranga.

"Mgawane nini tena?" Jentrix aling'aka kwenye simu. "Usipeleke, mama. Naleta mashine. Vifaranga vyote vitakuwa vyako."

"Una hakika, mwanangu?"

"Si nimeijaribu kwa kompyuta!"

Basi mama akangoja. Jentrix akaja na sanduku lake, akalichomeka kwenye stima, akayapanga mayai mwenyewe. Ilikuwa siku ya soko. Walipotoka sokoni, mama akafunua kifuniko, joto likampiga usoni. Alichukua yai moja, akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya. Lilikuwa limeiva kabisa, la kuliwa na chumvi. Mama akaanza kuyatoa mengine moja moja, na Jentrix alitamani angalau afokewe.

Alirudi Kitale na hasira za kuvunja kitu. Akaiendesha saketi tena. Ikakubali! Akabadilisha hiki na kile mpaka macho yakamwasha, na kioo kikazidi kumwonyesha joto lililotulia tuli. "Mwongo mkubwa wewe!" akaifokea kompyuta, darasa likacheka.

Ndipo alipokumbuka taa ya kwao, inavyofifia kila Wepukhulu anapowasha mota yake, na siku ya soko hiyo mota haipumui. Yeye alikuwa ameandika volti mia mbili na arobaini, kama kitabu kinavyosema. Stima ya Kimilili imesoma kitabu gani, jamani?

Akazishusha volti. Papo hapo swichi ya kwenye kioo ikaanza kutetemeka, inashika, inaachia. Akaelewa. Ile ya kweli ilitetemeka hivyo hivyo mpaka vyuma vyake vikaungua vikashikana, balbu zikabaki zinawaka bila wa kuzizima.

Kagwe alifurahi kupita kiasi. Akampa alama za juu kuliko darasa zima, akamwita mbele awaeleze wenzake. Jentrix alieleza huku akitafuna midomo. Alama za nini sasa?

Chuo kilipofungwa alienda nyumbani, akamweleza mama yote: volti, mota, swichi. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kompyuta imejua kosa lake?"

"Imejua, mama."

"Ni vizuri." Mama akageuka, akatazama uani kwa jirani. "Kuku wa Nasambu ametotoa jana. Alilalia mayai machache tu. Alikuwa ameniachia nafasi ya yangu."