Mstari wa Majani Mekundu

Wifi yangu Namono anajiamini mpaka anakera. Nalisema kwa upendo, na mwenyewe akisikia atacheka. Tangu aolewe na kaka yangu Muzafaru, dereva wa lori ambaye nyumbani hukaa kama mgeni, sijamwona akibabaika mbele ya mtu. Ukienda kwake Nabuyonga, hapa Mbale, utamkuta amepiga magoti mchangani, leso kiunoni, anagombeza mimea yake kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mimea yenyewe ni kodilini. Jina lisikutishe, ni yale majani marefu mekundu unayoyaona kwenye malango ya hoteli. Namono aliyajulia Jinja, alipokuwa akifanya kazi kwenye bustani ya Mama Kanta, mama wa Kihindi. Alipoondoka kuja kuolewa, Mama Kanta alimpa fungu la vijiti vilivyofungwa kwenye gazeti. Weee! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi harusi gani anakuja na kuni?

Alivikata vipande vifupi, akavilaza kwenye mchanga wenye unyevu, vikachipua vyote. Vilipokua akavipanda kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake hapa hapa Nabuyonga. Hapa sikiliza vizuri, maana ugomvi wote ulianzia hapa. Jirani yake, Mama Edinah, alikuwa na mfenesi mkubwa ambao kivuli chake kiliingia hadi kwa Namono. Na kodilini nyekundu ukiiweka kivulini inapoteza rangi, inabaki kijani kama sukuma wiki. Kwa hiyo Namono aliuacha ule ukanda wa kivuli, akapanda kodilini zake ndani zaidi, penye jua, kwa mstari ulionyooka.

Ule ukanda hakuuacha bure. Aliujaza mikebe na ndoo kuukuu alizozitoboa chini ili maji yasituame, kwa sababu miche michanga, tofauti na mama zao, inapenda kivuli. Huimwagilia maji ya mvua. Ya bomba, anasema, yanachoma ncha za majani. Kila mche anaouza, mpaka ule unaokwenda Jinja, umezaliwa kwenye ukanda huo. Mwondolee ukanda huo, na biashara yake imekwisha.

Sasa, sisi watu wa huku tuna jambo letu. Kuna mti wa kijani wenye majani marefu kama hayo hayo, na ukiukuta umepandwa kwa mstari kati ya viwanja viwili, huulizi: huo ni mpaka. Haukatwi, hauhamishwi. Mpaka wa zamani wa hapo ulikuwa na miti hiyo, ila marehemu mume wa Mama Edinah alikuwa akichoma takataka pale, ikafa yote. Namono hakuijali, Mama Edinah hakuijali, walikuwa wakipeana chumvi kama ndugu. Miaka ikapita, kodilini zikalipita paa. Maharusi wakawa wanakuja kupiga picha mbele yake.

Kisha Mama Edinah akauza kiwanja, akaenda kukaa na binti yake.

Asubuhi moja nilifika kwa wifi nikakuta mikebe yote imepangwa mlangoni kwake, safi kabisa, hakuna hata mche uliovunjika. Jirani mpya, Jamil, mfanyabiashara kutoka Buwenge, alikuwa amesimama kwenye ule ukanda na kamba ya fundi mkononi.

"Mama, nimekuhamishia vitu vyako," akamwambia Namono kwa heshima zote. "Kesho tunachimba msingi wa duka."

"Msingi? Kwenye kiwanja changu?"

"Chako? Mpaka si ule?" Akaonyesha kodilini.

Wallahi, nilimpa vidonge vyake! Nilimwita mwizi, nikamwita mlafi, nikaanza kutafuta jina la tatu. Maskini, alikuwa ametoa macho tu. Namono akanishika mkono. "Wifi, nyamaza. Huyu hakuiba. Ameona alichoona." Kisha akaagiza waitwe mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, Mzee Asuman, na Mama Edinah mwenyewe.

Walikuja siku ya pili, na majirani nusu ya mtaa nyuma yao. Mama Edinah alikiri kwamba alipouza alimwambia Jamil mpaka uko "kule kwenye majani", maana alama nyingine haikuwepo. Watu wakaguna.

Namono hakupandisha sauti. "Mama Edinah, mpaka hupandwa na watu wawili, mbele ya majirani. Siku napanda haya, wewe ulishika mche?"

"Nishike wapi? Nilikuwa dirishani nakucheka, unapanda mboga isiyolika."

"Kuna jirani aliyeitwa kushuhudia?"

"Hakuna."

Watu wakacheka, na hata Jamil akainamisha kichwa. Nikajua tumeshinda. Nikaanza vigelegele, Mzee Asuman akanikata.

"Namono, nimekubali, ukanda ni wako. Lakini umesimamisha uongo hapa. Leo umemdanganya huyu, kesho utamdanganya mtoto wake, na mimi sitakuwepo. Chagua. Yabaki, na tuyakubali kuwa mpaka. Au yang'oke leo hii, tupande mpaka wa kweli."

Jamani, nilitaka kulia! Ule mstari ulikuwa jina lake mjini, ndio mama wa miche yote. Nikamnong'oneza, "Wifi, mpe huyo bwana ukanda, utafute kivuli kwingine." Jamil naye, nimpe haki yake, akasema atangoja mwezi mzima ili Namono afikirie.

"Nifikirie nini?" Namono akasema. "Haya yatachipua. Ardhi nikishaitoa, haichipui."

Akaingia ndani, akatoka na panga.

Alikata mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie. Kila shina lilipoanguka mimi nilijifuta machozi, yeye akalikata vipande akanikabidhi. Alipofika kwenye lile la mwisho, kubwa kuliko yote, panga likasimama hewani. Akaligusa shina kwa kiganja. Halafu akalikata. Visiki vikachimbuliwa na jembe, mizizi na yote, maana vingeachwa vingechipua kwa mstari ule ule.

Kabla ya magharibi waliinama kwenye mpaka wa kweli, Jamil upande wake, Namono upande wake, wameshika pamoja mche wa ule mti wa kijani, na Mzee Asuman akautia udongo. Wifi yangu akaushindilia udongo kwa kiganja kile kile alichogusia shina. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Duka la Jamil sasa limekwisha kujengwa, upande wake. Juzi alikuja na kofia mkononi, akaomba kununua kodilini za kupanda mbele ya duka, kwa mstari, zipendeze.

"Za kubaki kwenye mikebe nitakuuzia hata gari zima," Namono akamjibu. "Za kupanda ardhini, bwana, hupati hata jani."

Akachukua za mikebe.