Siku Tuliyoteremsha Vipaza

Babu yangu hakuwa na meno sita ya chini. Yaling'olewa ujanani, ndivyo Wajaluo wa zamani walivyofanya, naye alilipenda lile pengo kuliko kofia yake. Ila akisema "samaki", upepo ulitoka kwanza, samaki akafuata nyuma. Sisi wajukuu tulimchokoza: "Babu, sema sisimizi!" Anatufukuza na fimbo huku anacheka. Mimi nilizaliwa kanisa likiwa limeshaikataza hiyo desturi, kwa hiyo meno yangu yalibaki yote, na sikujua kwamba siku moja yatanilisha.

Nilipokwenda ofisi ya matangazo mjini Kisumu kuomba kazi, na masomo yangu ni ya darasa la nne, mkubwa tuliyemwita Bwana Habari hakuniuliza cheti.

"Fungua mdomo."

"Bwana, nimekuja kazi, sijaja hospitali."

"Sema: sasa hivi msisimame karibu na maji."

Nikasema. Akasikiliza kama mtu anayegonga chungu sokoni kujua kama kimepasuka.

"Meno yapo. Panda gari."

Gari lenyewe lilikuwa Landrova yenye vipaza sauti viwili vya bati juu ya paa, mdomo mpana kama tarumbeta, betri nyuma ya kiti, na maiki ya waya. Bwana Habari anasoma karatasi, mimi naishika kichwani, halafu naisema kwa Dholuo na kwa Kiswahili: chanjo ya ng'ombe, baraza, kipindupindu. Neno moja linaachwa lianguke kabla hujatupa lingine, la sivyo yanagongana hewani. Na upepo uujue. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo pale Dunga ukitaka wavuvi wasikie unaegesha nyuma ya mitumbwi. Mchana umegeuka, unasimama majini kabisa.

Nimezunguka na hiyo sauti miaka mingi. Mjini, Wahindi wenye maduka walitoka mlangoni, wakasikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja ananirekebisha Kiswahili. Mtaa wa Milimani, kwa matajiri, unatangaza mbele ya geti, anayekujibu ni mbwa. Kibos na Miwani ni miwa, na miwa hula sauti, lazima ungoje watu watoke shambani. Upande wa Kisian mawe ya kilima yanakurudishia maneno yako. Siku moja tulitumwa mpaka Luanda Kotieno, tukatangaza kuhusu feri, na wachuuzi wa samaki wakanicheka kwamba feri yenyewe ina sauti kunishinda. Lakini nimetoka nje ya njia.

Kazi ngumu ilikuwa Kano. Kano ni tambarare kama meza, mpunga upande huu, ng'ombe upande ule, na mto Nyando katikati. Mvua ya kuizamisha hainyeshi hapo, inanyesha juu, kwa Wanandi. Mtu ameketi na jua mgongoni, unamwambia mafuriko yanakuja, anakuona mwendawazimu.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Afisa wa Majanga, kijana wa buti mpya, si mtu mbaya. Wiki nzima tulitangaza kando ya mto. Watu walinipungia mkono. Siku ya mwisho, saa za mchana, simu ikamwambia tuta la mto limepasuka huko juu, maji yanakuja kwetu.

Boma la kwanza tulilofika lilikuwa na matanga. Marehemu alikuwa ameshaletwa, jeneza liko chini ya hema, mazishi ni kesho. Nikatangaza wahame. Mjane, Mama Achieng, alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Wewe wa gari, zima hicho kitu. Nimuache baba watoto alale na maji peke yake?"

"Mama, mto unakuja."

"Uje utukute."

Waombolezaji wote wakakaa. Aliyekaa na maiti haondoki maiti akabaki, hilo tunalijua. Afisa akasema, "Twende, mbele kuna nyumba nyingi." Dereva Ouko akawasha gari. Mimi nikashuka.

"Mama Achieng, tukimbeba yeye kwanza, utakuja?"

Akatazama kaburi. Lilikuwa limeshachimbwa mbele ya nyumba, na maji yalikuwa yanatokea chini yake. "Na hilo?"

Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Likikosa mwenyewe, linaita mwingine. "Tutazika mgomba humo," nikasema.

Vijana wakakimbilia migomba. Afisa akashika kichwa: "Mnazika ndizi, na mto unakuja?"

"Bwana mkubwa, shika jembe au nyamaza," shangazi mmoja akamwambia.

Wakati wakifukia, nilipanda paa na spana. Jeneza lisingekaa pale juu vipaza vikiwapo.

"Ukivitoa, wale wa mbele nani atawaambia?" Afisa akaniuliza.

Swali lilinichoma, maana lilikuwa la haki. Lakini spana ilikuwa mkononi. Nikafungua cha kwanza, nikafungua cha pili, vikaanguka kwenye matope. Tukampandisha marehemu, tukamfunga kwa kamba za hema. Mama Achieng akaketi pale pangu. Waliobaki walitufuata kwa miguu, maji yameshawafika vifundoni.

Gari likapita bila sauti. Boma la mbele, mzee mmoja akavua kofia.

"Hata huyu anahama?"

"Hata huyu," Ouko akamjibu.

Yule mzee alikwenda moja kwa moja zizini akafungua ng'ombe. Jirani yake akatoka na godoro kichwani. Boma baada ya boma, walitazama paa letu, wakaingia ndani kuchukua watoto. Nilikuwa nimechana koo wiki nzima kwa watu hawa hawa.

Wengine wanastaafu kwa keki na hotuba. Mkiniuliza mimi nilistaafu lini, nilistaafu pale kwenye shule iliyo mwinukoni, tulipoingiza jeneza darasani na kugeuka, na kule tulikotoka kumeshakuwa ziwa.

"Kesho uripoti," Afisa akasema, "ueleze vile vipaza."

Nikamwekea maiki mkononi, waya unaning'inia, haujaungwa popote. Nikashika barabara ya Ahero kwa miguu, na ile ofisi sijaikanyaga tena.