Nyota Mbili Karibu na Kilimia

Mjukuu wangu amekuja likizo hapa Keza na vitabu vyake. Juzi jioni tulikuwa uani tunachambua maharage, akaninyooshea kidole juu. "Bibi, unakiona Kilimia? Sasa sogea kando yake, pale penye nyota zilizokaa kama pembe za ng'ombe. Zipo mbili zimekaribiana." Akasema shuleni wamefundishwa kwamba moja kati ya hizo mbili nayo ni nyota mbili, zinazungukana, zimeshikana mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Nikamwambia hilo la mwisho silijui, lakini zile mbili nilizijua kabla mama yake hajazaliwa. Akabisha kidogo, ndivyo walivyo wasomi. Nikamwacha. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika mbali.

Basi nikusimulie wewe. Nilikuwa binti mdogo mwaka ule watu walipovuka kwa miguu kutoka Burundi, wamebeba mikeka na watoto. Mama yangu aliwapokea wawili, mwanamke na binti yake wa rika langu, akawapa banda letu la jikoni walale. Mume wa yule mama alibaki huko, na kwetu tulikatazwa kuuliza. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu, kwa hiyo mimi na mwenzangu tulielewana siku ile ile. Hata kutukanana tulitukanana vizuri.

Nakumbuka jioni za mavuno ya maharage. Maganda makavu yananukia jua, ndizi zinatokota chunguni zimefunikwa kwa majani ya mgomba, vyura wanaanza kule bondeni. Wakubwa walipura kwa fimbo, sisi tulipeta na kuchagua mawe mpaka giza lituzuie. Mama wa mwenzangu alikuja na desturi ya nyumbani kwao: mtoto hakabidhiwi ungo mpaka aonyeshwe zile nyota na aseme ni ngapi.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

Mwenzangu akacheka mpaka akamwaga ungo. "Huyu mumewe atatafuna mawe mpaka meno yaishe."

Nikakaza macho, nikaziona mbili. Nikampiga ngumi ya bega, naye akanirudishia. Tangu hapo zikawa zetu, kubwa yangu na ndogo yake, na kila jioni tuligombania ile kubwa.

Mimi sikuulizwa tena. Aliyeulizwa kila siku ni yeye. "Leo ngapi?" "Mbili, mama." "Una hakika?" "Mbili." Nikadhani ni mchezo wao. Hadi jioni moja nikaona kidole cha yule mama kimeelekea kwenye mgomba badala ya juu, na mwenzangu akamshika kiwiko taratibu, akamgeuza. Macho ya mama yake yalikuwa yanaingia ukungu, mwenzangu akaniambia, kama yalivyoingia ya bibi yake. Kumbe kila siku alikuwa anapima kama ugonjwa umemfikia mwanawe. Mawe ya kwenye chakula, njia ya kisimani, sura za watu, vyote viliangaliwa na yule mtoto.

Kisha balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango. Wakimbizi wote waliokaa kwa wenyeji watapelekwa makazi mapya, mbali huko Tabora, na lori linakuja. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamwambia mwenzake, "Dada, niachie binti. Nitasema ni wangu. Atasoma pamoja na huyu."

Yule mama akapapasa bega la binti yake. "Ninakokwenda sikujui," akasema. "Aseme mwenyewe."

Nilikuwa nyuma ya mwenzangu, nimeishika nguo yake. Niliona anataka. Usiniambie watoto hawajui kutaka. Alitazama nyasi tulizolalia pamoja bandani, akanitazama mimi, akataka kucheka, ikashindikana. Halafu akasema polepole, "Nikibaki, maharage yake atachaguliwa na nani?"

Basi. Mama yangu akaingia ndani, akatoka na mbegu za maharage, akawafungia kwenye kitambaa.

Siku ya lori mwenzangu alimpandisha mama yake kwanza, akimwambia mguu aweke wapi. Hakunipungia. Mkono mmoja ulikuwa umemshika mama, wa pili umeshika chuma.

Miaka mingi baadaye, walipokuja wakimbizi wengine, wengi kuliko nyasi, na kambi zikajaa Ngara yote, nilikwenda kwenye foleni za maji. Nilikuwa nimekua na kuzaa, lakini nilizunguka nikiuliza juu ya mwanamke anayemwongoza mama kipofu. Walinionyesha wengi. Hakuwa yeye.

Siku hizi kupanda hatuangalii tena Kilimia, tunasubiri redio iseme. Uani kuna taa ya sola, watoto wameinamia simu, na maharage mara nyingi tunanunua yakiwa yameshachaguliwa. Pale palipokuwa banda la jikoni pameota mibuni. Sisemi zamani ilikuwa raha. Tulilala njaa, na watu walikufa.

Hapa kwetu husema uchungu wa mtoto hukauka mapema kama umande. Huenda kwa wengine. Mwenzangu alifanya lililo sawa, na kama binti yangu angefanya jingine ningemchapa. Lakini nilitaka abaki. Hata leo, na uzee huu, nataka abaki.