Mikono Iliyokatazwa Majivu

Juzi binti yangu alimwambia mwanawe asioshe vyombo, eti ana mazoezi ya kinanda kanisani, mikono isiharibike. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Vidole vyangu vilisimama. Maneno hayo nayajua, rafiki yangu. Nimelelewa nayo, ila hayakuwa yanasemwa juu yangu.

Tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu, hapa hapa Gisenyi, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mama alikuwa anavusha sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwenda kuviuza Goma, ng'ambo ya mpaka, jioni anarudi na chumvi na sabuni. Siku moja sista wa misheni alishika mikono ya mdogo wangu, akaigeuzageuza kama mtu anayekagua kitenge sokoni, akasema vidole hivi ni vya piano. Mikono yangu hakuitazama. Nilikuwa nimebeba ndoo.

Basi nyumba yetu ikapata sheria. Mtu akimtuma mdogo wangu hata kijiti, mama anasema, "Muache mutoto huyo, mikono yake iko ya piano." Maji ya ziwa nikachota mimi. Sombe nikatwanga mimi, majani yale ya muhogo, mpaka mchi ukaniachia malengelenge. Masufuria yaliyoungua kwa kuni nikasugua mimi kwa majivu na mchanga mweusi wa ufukweni, huku kutoka kwa masista nasikia ting, ting, ting, wimbo mmoja unarudiwa siku nzima kama mtoto mwenye kigugumizi. Ukitaka kujua wivu una harufu gani, una harufu ya majivu yaliyolowa. Mama alikuwa na msemo wake: ukuni mmoja hauivishi vyungu viwili. Nilijua mimi ni chungu gani.

Masista wakamsomesha, wakampeleka Ulaya. Tukawa tunamwona kwenye picha, gauni refu jeusi, mbele ya watu wa tai. Walisema huko ni mpiga piano mkubwa, watu wanapanga mstari kumsikia. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikarithi beseni la mama la sambaza. Mama alipokufa, mdogo wangu hakufika. Ilikuwa vita, njia zimefungwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ndipo alipokuja kupiga hapa, peke yake, kwenye ukumbi wa parokia. Siku zile watu walikuwa bado wanafunga milango mapema, kwa hiyo ikawekwa mchana. Piano ililetwa kwa lori kutoka Kigali, imefungwa magodoro kama mgonjwa.

Nilitaka kitu kimoja tu. Akimaliza, asiende kula na wakubwa hotelini kando ya ziwa. Aje kwangu, mtaa mzima umuone anaingia mlangoni pangu. Nilipika tangu alfajiri: sombe, maharage ya soko la Mahoko, ndizi, sambaza za kukaanga. Halafu nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Mbele kulikuwa kwa wenye kadi. Nilikaa benchi la nyuma na jirani yangu, muuza nyanya.

"Ni mama moja kweli aliwazaa?" akaniuliza.

"Moja."

"Ye anapiga piano, we unatwanga sombe."

"Hiyo sombe unakulaka kila siku."

"Bon, sijasema mubaya. Yote iko kazi ya mikono."

Mdogo wangu akaingia, akainama, akakaa. Mkono wa kushoto ukaanza kutembea polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani, wa kulia unakimbia mbele kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilikuwa nimeapa kutopenda. Kiapo kilinishinda, na hilo nalo liliniuma. Aliposimamisha mikono tukadhani amemaliza. Benchi la nyuma lote tukapiga makofi na vigelegele. Wazungu wa mbele wakageuka, kidole mdomoni. Kumbe wimbo ulikuwa na mlango mwingine. Yeye akatabasamu, akangoja tutulie, akaendelea. Hata kungoja kule nilikuonea wivu. Mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na ndoo ndiye anajua kungoja hivyo.

Watu waliposimama kumshangilia, nikatazama mikono yangu, imepasuka kama njia ya kiangazi. Nikasema moyoni, nusu ya makofi haya ni ya maji niliyochota.

Wakubwa wakamzunguka, gari linanguruma nje. Sikukaa kuona anapanda. Nikarudi nyumbani, nikafunika vyakula, nikakaa.

Alikuja kwa miguu. Nguo ameikunja hadi magotini, viatu vya Ulaya vinateleza juu ya mawe yetu, watoto wa mtaa nyuma yake kama harusi. Majirani wote walikuwa nje. Niliona kila mmoja wao.

"Yaya, chakula iko?" Huku kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake.

Akala kwa mkono, akamaliza sombe. Kisha akakusanya sahani, akaelekea uani kwenye beseni.

"Acha hiyo," nikasema. "Mikono yako."

Ilikuwa sauti ya mama. Mimi mwenyewe nilishtuka.

Akasimama na sahani zake. "Hata leo, yaya?" Kisha, "Mama alipokufa, nani alimuosha?"

"Mi."

"Ulimuosha na mikono hiyo?"

"Na hii. Nilikuwa na ingine?"

"Mi siku hiyo nilikuwa napiga piano. Watu walipiga makofi sana. We ulimugusa mama. Halafu unakaa hapo unaniangalia kama vile ni we ulinyimwa."

Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba yupo mtu wa kunionea wivu mimi. Nilikaa nao kidogo, wivu ule wa mwenzangu. Ulikuwa mtamu, sitadanganya. Kisha nikampa sufuria ya maharage, nyeusi kuliko zote, na majivu, na mchanga. Akachuchumaa na nguo yake ya Ulaya. Hakujua. Alisugua katikati akaacha pembeni. Nikamwacha. Kesho yake alipoondoka, niliisugua upya.

Sasa nyumba ya mbao haipo. Masista wale walishaondoka, na ufukwe tulipochota mchanga una ukuta wa hoteli. Mdogo wangu hapigi tena. Ananiambia kwenye simu kwamba vidole vimekakamaa. Vyangu pia, namjibu, na simpi pole zaidi ya hiyo. Bado nikisikia piano redioni naondoka mlangoni nisiisikie.

Lakini juzi nilimwita mjukuu, nikaweka beseni mbele yake.

"Mama, mikono yake," binti yangu akasema.

"Ndiyo, mikono yake," nikamwambia. "Siku moja itaniosha mimi, na sitaki anisugue katikati aache pembeni."